Mafundi, acheni kukata ethi ili spika zisivume! Mtaua watu studio

Wakuu, hili limezidi. Mwenye studio ya nyumbani akilalamika kwamba spika zinavuma, anaambiwa "kata ethi", yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Fundi anafungua plagi, anakata waya wa kijani, mvumo unapungua, anachukua hela yake anaondoka. Mwanamuziki anabaki ameshika nyuzi za chuma za gitaa, mdomo uko kwenye maiki ya chuma, na siku ampulifaya ikivujisha umeme kwenye gamba lake la chuma (bodi), njia ya umeme huo ni mwili wa mwanamuziki.

Nyumba za zamani ndiyo balaa zaidi. Kariakoo, Upanga, Mji Mkongwe, bado utakuta soketi zenye nyaya mbili tu, laivu (unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha). Mteja akidai ethi, fundi anakunja kipande cha waya kutoka nyutro kwenda tundu la ethi ndani ya soketi ileile. Ukipima, laivu na ethi inasoma volti 230, kila mtu anafurahi. Sasa nyutro ilegee popote kabla ya hapo: kitu chochote kilichowashwa kinapeleka volti 230 kwenye kila chuma kilichochomekwa, yaani mikisa, raki, ampulifaya, maiki. Na RCCB, swichi ya usalama inayokata umeme ikiona mkondo unaoondoka na unaorudi haulingani, haitakata umeme unapovuja kwenye bodi, kwa sababu mkondo ulioondoka kwa laivu unarudi kwa nyutro, hivyo inaona hesabu ziko sawa.

Kuukamata mchezo huo ni rahisi. Washa pasi ya wati 2000 kwenye soketi ya jirani ya laini hiyohiyo, kisha pima nyutro na ethi kwa maltimita ya AC. Ethi ya kweli itaonyesha volti moja, mbili au zaidi kidogo. Ikisoma 0.0 kabisa na pasi inawaka, zima meni swichi, fungua soketi, utakiona hicho kipande. Na kama laivu na ethi inasoma namba isiyotulia, mara 60 mara 110, ethi hiyo haijaungwa popote.

Msidanganywe kufunga ethi kwenye bomba la maji pia. Bomba la chuma likishakarabatiwa kwa kipande cha plastiki katikati, ethi imeishia hapo. Pigeni rodi ya shaba ya mita 1.2 au 1.5, kipenyo milimita 16, iingie ardhini yote, klampu iwe ndani ya chemba inayofunguka. Hapa Pwani chumvi ya hewa inakula viungo, kwa hiyo klampu ikaguliwe. Na kumwaga chumvi shimoni kunaozesha shaba hiyohiyo. Upimaji ufanywe kwa kipima ethi. Isizidi omu 200, na ikizidi ongezeni rodi ya pili umbali wa angalau urefu wa rodi moja.

Hata hivyo rodi peke yake haitoshi. Rodi nzuri ya omu 20 inapitisha ampea 11.5 tu (230 ÷ 20), na breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo. Ndiyo maana RCCB ya miliampea 30 ni lazima. Kisha vuteni waya wa ethi wa kijani na njano wa milimita za mraba 2.5 kutoka ubao wa fyuzi hadi soketi za studio.

Halafu kuna wanaouza "ethi safi ya studio": rodi ya pekee isiyoungwa na ethi ya nyumba. Huo ni uongo wa hatari. Rodi mbili zilizotengana zinaweza kuwa na volti tofauti, mvumo unaongezeka, na radi ikipiga karibu tofauti hiyo inapitia kwenye vyombo vyako. Rodi zote ziungwe pamoja.

Mvumo wenyewe unatokea wapi? Laptopu iko soketi ya ukuta huu, spika ukuta ule. Ethi zinaviunganisha, na ganda la waya wa sauti (nyuzi za chuma zinazouzunguka kwa ndani) linaviunganisha tena. Mzunguko umefungwa, hezi 50 zinapita ndani ya ganda. Basi kata mzunguko upande wa SAUTI. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja: laptopu, kadi ya sauti na spika mbili za inchi 5 havifiki wati 300, soketi moja inabeba bila jasho. Ifungue kwanza uone nyaya tatu, maana zinauzwa zenye matundu matatu na nyaya mbili ndani. Tumia nyaya za sauti za XLR au TRS, zenye njia mbili za sauti pamoja na ganda. Kifaa kisicho na matundu hayo kipitishe kwenye DI boksi (kiboksi kinachobadili sauti iingie kwenye waya wa XLR) au transfoma ya sauti ya 1:1. Ukibaki na mvumo, kata ganda upande wa spika tu na uuwekee waya huo alama. Kamwe usikate ganda la waya wa maiki ya kondensa. Maiki hiyo inalishwa volti 48 kupitia waya huo, na zinarudi kwa ganda hilo.

Fundi awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) kwa Tanzania Bara, na akikataa kupima nyutro na ethi pasi ikiwaka mbele yako, usimlipe.