Trela la boti: ekseli moja au mbili? Naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nipo Tanga, nataka fundi anichomelee trela la boti ya faiba ya futi 20. Ikiwa na mashine, mafuta na barafu, uzito unakaribia tani moja na nusu. Litavutwa na pikapu, Sahare hadi Pangani na kurudi.

Fundi mmoja anashauri ekseli moja, yaani mhimili mmoja wenye tairi kila upande: trela jepesi, bei nafuu, na likifunguliwa ufukweni watu wachache wanaligeuza kwa mikono. La ekseli mbili halikubali hivyo, na kwenye kona kali tairi zinaburuzika pembeni na kulika upesi. Mwingine anasema kwa uzito huo ekseli moja itazidiwa, na tairi likipasuka njiani boti yote inalala upande. Hapo ananigusa, maana boti hii ndiyo riziki ya nyumba nzima.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni chumvi. Habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye beringi ndani, ikizamishwa baharini ingali na moto wa safari, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani hadi kwenye beringi. Ekseli mbili ni habu nne za kusafisha na kupaka grisi. Wenye nazo huku pwani, beringi zinawadumu? Na breki mmefunga ekseli zote au moja?