Mgodi wa Kabwe: tuufanye makumbusho au tuufukie kwanza?

Wakuu, kila fuvu la kale la binadamu la Kabwe, Zambia, likitajwa, kuna wazo linaibuka: likirudishwa kutoka London, lijengewe makumbusho palepale mgodini lilikochimbuliwa mwaka 1921. Historia ipo, sibishi. Reli ilifika 1906 kuufuata mgodi, mji ukapewa jina la Broken Hill, ule wa madini ya risasi (lead) na fedha kule Australia. Mgodi ukatoa risasi, zinki, vanadiamu, na fedha kidogo, hadi ulipofungwa 1994.

Napinga. Si fuvu kurudi, hilo hata kesho lirudi. Napinga kuleta wageni kutazama vumbi ambalo bado halijaondolewa kwa wenyeji. Lile rundo jeusi la makapi ya tanuru liko wazi, na vumbi la mgodi limetapakaa Kasanda, Chowa na Makululu. Mtoto anayetambaa anashika udongo, anatia vidole mdomoni. Risasi inaingia mwilini ikijifanya kalsiamu, inajificha kwenye mifupa, inadumaza ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Halafu tuuze tiketi?

— Mkuu, ukifukia kila kitu unawasaidia waliochafua. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwakatalia watoto na wanawake wa Kabwe kuishtaki kwa pamoja Anglo American, kampuni ya madini wanayoilaumu kwa uchafuzi huo. Kampuni inakana kuhusika na uchafuzi. Hilo rundo ni shahidi, mnalizika la nini?

— Mnasahau wanaochokoa makapi hayo kila siku wapate mlo. Makumbusho hayawalishi, na kufukia hakuwalishi.

Mleta mada narudi. Hoja ya ushahidi imenigusa, ingawa udongo unaweza kupimwa na kuandikwa kabla ya kufunikwa. Shahidi hana lazima ya kuendelea kuua. Hilo la mlo sina jibu lake jepesi. Makumbusho yajengwe, ila mbali na vumbi, na vipimo vya damu vya watoto vikae ukumbi mmoja na fuvu.

Likija, maana Zambia inalidai tangu miaka ya 1970. Sheria ya Uingereza ya 2004 inayaruhusu makumbusho yao ya taifa kurudisha mabaki ya watu waliokufa ndani ya miaka 1,000 tu. Letu lina takriban 300,000. Eti limezeeka mno kurudi kwao.