Kunukuu toni za nyimbo za Kidigo kwa njia ya Laman: nianzie wapi?

Zumari_Tanga: Wakuu habarini. Isimu nimesoma, ngoma napiga. Nataka kukusanya nyimbo za Kidigo huku Tanga, niandike maneno pamoja na toni zake (kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno). Nasikia Mswidi Karl Edvard Laman aliifanya kazi ya namna hii kwa Kikongo. Alipitia njia gani, na kwa vifaa vya leo mtu aanze na nini?

Mwl_Isimu: Karibu sana, mkuu. Laman (1867–1944) alifika Kongo mwaka 1891 akiwa mmisionari. Biblia ya Kikongo ilitoka 1905, kitabu chake cha toni 1922, na ile kamusi kubwa ya Kikongo na Kifaransa, yenye alama za toni, 1936. Angalia mfuatano huo: aliisikiliza lugha miaka mingi kabla ya kuchapisha habari za toni. Kiswidi nacho kina lafudhi mbili za kidatu (ujuu au uchini wa sauti) zinazotofautisha maneno, kwa hiyo nadhani sikio lake halikuanzia sifuri.

Kwako wewe: usianze na wimbo. Lahani huweza kuifunika toni ya neno, ukaandika muziki ukidhani ni lugha. Mwombe mzee aseme mstari kwa kawaida, kisha aupige mluzi, ndipo aimbe. Mluzi huondoa konsonanti, kidatu kikabaki peke yake. Neno likikutatiza, liweke katikati ya sentensi ileile kila mara, lisemwe mara tatu. Usilipime mwishoni mwa sentensi, maana hapo sauti hushuka yenyewe.

Fundi_Sauti: Upande wa kurekodi: faili la WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, kilohezi 48, kanali moja. Saa moja hula kama MB 520, hivyo kadi ya GB 32 inatosha siku nyingi. MP3 iache kabisa. Maikrofoni ikae sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige pumzi. Kilele cha sauti kisizidi −12 dB, kwa sababu mzee akipandisha kibwagizo ghafla vilele vya sauti hukatwa na sauti hukwaruza, na iliyokatwa hairekebishiki. Vaa hedifoni muda wote. Pwani upepo wa alasiri ni adui: rekodi asubuhi, na maikrofoni uivishe manyoya, sponji peke yake haitoshi.

Zumari_Tanga: Shukrani. Na ngoma je? Wazee hawaimbi bila ngoma.

Fundi_Sauti: Waache wapige. Mwimbaji mvishe maikrofoni ya kifuani iingie kanali ya kushoto, ngoma iwe ya kulia (MB zitakuwa maradufu). Baadaye unachambua ya kushoto tu.

Mwl_Isimu: Nyongeza kuhusu Praat, programu ya kompyuta ya kuchambua sauti na kuchora mstari wa kidatu. Ukiacha masafa ya kidatu jinsi yalivyo, mstari utaruka juu au chini kwa oktava nzima. Weka 75–300 Hz kwa mwanamume, 100–500 kwa mwanamke. Hayo ni ya usemi; kwa kuimba pandisha kikomo cha juu. Kwenye Kidigo, konsonanti ghuna (zinazotetemesha koo) kama z na v hushusha kidatu cha irabu inayofuata, kwa hiyo bonde dogo baada ya z usiliandike haraka kuwa toni ya chini. Linganisha na neno lenye s mahali palepale. Maandishi yafunge na sauti kwenye ELAN, programu ya kuandika maelezo sambamba na rekodi: safu moja ya maneno, moja ya toni, moja ya tafsiri. Na ridhaa ya mwimbaji irekodiwe kwa sauti yake mwanzoni mwa faili, akitaja kama anakubali wimbo usikike nje ya kijiji.