Ushauri: niende na nini kwenye jioni ya waanzilishi na wawekezaji?

Mkaushaji wa Igombe:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mwenzangu tuna kampuni changa hapa Mwanza, iliyosajiliwa BRELA, inayokausha dagaa juu ya vichanja badala ya kuwaanika mchangani, kisha kuwauzia wanunuzi wa mikoani wanaoagiza kwa simu. Wiki ijayo nimealikwa Capri Point kwenye jioni ya waanzilishi na wawekezaji wa mitaji. Hakuna jukwaa wala projekta, watu wanasimama na soda mkononi wakizungumza. Mara ya mwisho kwenye mkusanyiko wa namna hii niliaibika. Mwekezaji mmoja alitazama mauzo yangu kwenye simu, akauliza kwa nini kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo karibu hatuuzi kitu, nami nikababaika na kusema ni changamoto za soko. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuongeza kinywaji, hakurudi. Niseme nini safari hii, na je, niombe fedha pale pale?

Karabai:
Pole, mkuu. Jibu ulikuwa nalo: dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Ungemweleza hivyo, na ukaongeza jinsi mnavyoweka akiba ya mzigo mkavu kwa siku hizo, angeona kwamba anazungumza na mtu anayelijua ziwa. Uwe na hesabu kichwani: mnanunua kwa bei gani mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, mnauza kwa bei gani, na mzigo kiasi gani huharibika mvua ikinyesha. Fedha usiombe usiku huo. Omba nusu saa ya kukutana siku nyingine, na kesho yake asubuhi mwandikie ujumbe mfupi wa kumkumbusha mlichozungumza, kwa sababu jioni hiyo atakuwa amepeana mikono na watu wengi.

Mhasibu Nyegezi:
Naafiki, ila kuna swali linalotangulia: je, fedha za aina hiyo zinakufaa? Mfuko wa mitaji huendesha fedha za watu wengine, kwa kawaida kwa miaka kama 10, na hutegemea kampuni chache zikue mara nyingi mno ili zifidie zile zitakazokufa. Kama mpango wako unaishia kwenye vichanja vya Igombe na Kayenze, mkopo wa SACCOS au wa SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, utakutosha, na hisa zitabaki zenu. Ukiletewa mkataba wa SAFE, ambao Y Combinator ya Marekani iliuanzisha mwaka 2013, elewa kwamba si mkopo: mwekezaji anakupa fedha leo, naye atapata hisa mtakapokusanya mtaji baadaye. Msome na mwanasheria kile kipengele cha ukomo wa thamani ya kampuni, yaani thamani ya juu kabisa itakayotumika kukokotoa hisa zake, kwani ndicho kitakachoamua mtabakiwa na hisa kiasi gani.

Bibi Sato:
Mwanangu, beba dagaa wako kwenye mfuko safi. Akitafuna asisikie mchanga, amekuelewa.

Mkaushaji wa Igombe:
Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimetazama kalenda: siku ya mwaliko inaangukia mbalamwezi, kwa hiyo mwenzangu, ambaye ndiye anayeshinda mwaloni na anayezijua bei, atakuwa na nafasi ya kuja nami.