EEG, MRI au modeli za nyuroni: aliyemaliza kompyuta aanzie wapi?

Kipimajoto: Wakuu, tulinganishe. Mtu ana shahada ya kompyuta, Python anaijua, laptopu ni ya RAM GB 8. Anataka kuingia kwenye sayansi ya ubongo kama msaidizi wa utafiti au mwanafunzi wa uzamili. Ashike ipi: EEG (kupima umeme wa ubongo kwa elektrodi za kichwani), MRI (picha za ubongo kwa sumaku), au modeli za nyuroni (kuiga seli za ubongo kwenye kompyuta)?

Neva_Kavu: EEG, bila kuzunguka. PhysioNet, hifadhi ya data za tiba mtandaoni, kuna seti ya bure ya watu wakikunja ngumi, au wakiwaza tu kuikunja: watu 109, chaneli 64, sampuli 160 kwa sekunde. Faili la dakika mbili halifiki MB 3. MNE-Python, maktaba ya Python ya EEG, inalisoma na hulipii kitu. EEGLAB, programu nyingine ya EEG, nayo ni bure, ila imejengwa juu ya MATLAB, na leseni ya MATLAB ndiyo inayokaba.

Chunga lebo. T1, alama ya pale tendo linapoanza, kwenye rekodi za 3, 4, 7, 8, 11 na 12 ni ngumi ya kushoto. Kwenye 5, 6, 9, 10, 13 na 14, T1 hiyohiyo ni ngumi zote mbili! Ukizimwaga kapu moja, unaifundisha modeli vitu viwili kwa jina moja, halafu lawama zinakwenda kwa algorithimu.

Pwani_Data: Umeme pia. Data hiyo ni ya Marekani, kwa hiyo mvumo wa waya uko Hz 60, siyo 50 ya kwetu. Anayenakili kichujio cha 50 anaacha uchafu na kukata kisicho na kosa.

Lakini wengi wanaangukia kwenye kugawa data. Ukikata vipande vya sekunde 4 ukavichanganya ovyo, vya mtu yuleyule vinaingia kwenye kufundishia na kupimia. Alama zinapendeza, mtu mpya akija zinaporomoka. Kwenye EEG ya kifafa ni balaa zaidi: modeli inakariri mgonjwa badala ya ugonjwa. Gawa kwa mtu, mathalani 80 wafundishie na 29 wapimie.

Mzee_wa_Voxeli: MRI msiitupe. Kweli, FreeSurfer, programu ya kuchakata picha za MRI, inakula saa kadhaa kwa kichwa kimoja na GB 8 zinahema. Chukua data iliyokwisha kuchakatwa, anza na Nilearn, maktaba ya Python ya picha za ubongo. Jifunze pia kupanga mafaili kwa mfumo wa BIDS, ndio unaotumika OpenNeuro, hifadhi ya bure ya data za ubongo, na unafaa hata kwa EEG.

Milinganyo: Modeli za nyuroni ndizo nyepesi kwa laptopu. Modeli ya Hodgkin na Huxley ya 1952, ya jinsi nyuroni inavyotoa msukumo wa umeme, ni milinganyo minne tu, na Brian2, maktaba ya Python, inaiendesha. Anza na hatua ya muda ya milisekunde 0.01; ukiipanua mno, volteji inapaa na skrini inajaa nan (yaani "siyo namba"). Ila kama kalkulasi ilikushinda chuoni, huku utateseka.

Kipimajoto: Na ajira?

Pwani_Data: Kwa ukanda wetu EEG iko karibu zaidi na hospitali. KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya cha Kilifi, Kenya, wametafiti kifafa miaka mingi. Weka GitHub mradi mmoja tu, wenye matokeo ya kila mtu, siyo wastani peke yake. Kwa makundi mawili yaliyo sawa, kubahatisha ni asilimia 50. Chora mstari huo kwenye grafu.

Neva_Kavu: Na kabla ya ICA, mbinu ya kutenganisha ishara zilizochanganyika, ondoa mawimbi yaliyo chini ya Hz 1. Usipoyaondoa, mawimbi ya jasho na elektrodi zinazolegea yanameza vijenzi, na kupepesa macho hakutengeki.