Vitz old model inakula oili, nifungue injini au niweke nyingine?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijatupa hela sehemu ambayo sio. Nina Vitz ya 2002, cc 990, ndio inanitoa Mbagala mpaka Posta kila siku na kunirudisha, imetembea kilometa laki 2 na elfu 14. Sasa imeanza kula oili, naongeza kama lita moja kila kilometa 1,000 na chini haivuji hata tone, nimelaza boksi chini ya injini usiku kucha limeamka kavu. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kama sekunde 10 hivi halafu unakata, na plagi ya tatu nikiifungua naikuta nyeusi imelowa oili.

Fundi wa kwanza kasema ni ringi za pistoni zimeisha, zinapitisha oili, tufungue injini. Wa pili kasema ni vali sili tu, yaani vile viraba vinavyozuia oili isishuke kwenye vali, maana ingekuwa ringi moshi ungetoka hata nikikanyaga mafuta barabarani, na huyu ndio kaniingia akilini. Wa tatu hata boneti hajafungua, kasema niweke injini ya mtumba. Hakuna hata mmoja aliyepima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda!

Na hapo bado bushi za mbele zinagonga na mauntini za injini (zile raba zinazoishikilia) zimechoka, nikikaa kwenye foleni usukani unatetemeka. Ila gari naipenda jamani, mafuta inanusa tu, sitaki kuiuza kwa hasira.

Aliyewahi kubadilisha vali sili peke yake, ilisaidia? Na injini ya mtumba mnaikaguaje kabla ya kulipa?