Chumba cha mapumziko kwa wakunga: niombe televisheni au niombe kivuli?

Inchaji_Wazazi
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mkunga, inchaji wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Uongozi umetupa iliyokuwa stoo ya mashuka iwe chumba cha watumishi kupumzikia, na fedha kidogo ya kukitengeneza. Wenzangu wengi wanataka televisheni, makochi na friji.

Mimi nasita. Stoo ile inachangia ukuta na chumba cha kujifungulia. Ukikaa mle unasikia kila mama anavyosukuma. Dirisha linatazama korido, na ndugu wa wagonjwa wakikuona tu wanagonga kioo: "Sista, samahani, dripu ya mgonjwa wangu imeisha." Unainuka. Ukirudi, chai imepoa na zamu imekushika tena.

Kinachonitisha si uchovu wa miguu. Kuna mkunga wangu aliyekuwa akiwaita kina mama wote kwa majina. Siku hizi anasema "kitanda cha sita". Mwingine akizalisha mtoto mfu, anajaza fomu, anabadilisha glavu na kwenda kwa mama anayefuata bila hata kukaa. Hawa ni wakunga hodari, nawapenda, na naona wanaisha.

Nyuma ya jengo kuna kiwanja chenye miarobaini miwili, kivuli cha kutosha, na hakuna njia ya wapita njia. Je, niombe fedha ihamie huko? Aliyewahi kufanya hivi anisaidie.

Bibi_Mkunga_Tanga
Mwanangu, pole na kazi. Nimestaafu, lakini ukunga hautoki mwilini. Nenda kwenye miarobaini. Sisi tulikuwa na benchi chini ya mwembe, upande wa jikoni, na tulikubaliana kwamba habari za wodi haziletwi pale. Anayetaka kulia alie, anayetaka kunyamaza aachwe.

Ila nikuambie ukweli: benchi peke yake halikutupumzisha. Kilichotupumzisha ni matroni wetu, aliyesimama mwenyewe wodini mpaka aliyetoka arudi. Kama hakuna wa kukushikia zamu, hata ukae kwenye bustani ya namna gani, masikio yanabaki leba.

Saikolojia_ya_Kazi
Dada Inchaji, hilo la "kitanda cha sita" lisikupite. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza uchovu wa aina hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, kama hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Lilitaja alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuidharau, na kupungua ufanisi. Kuwaita watu kwa namba za vitanda kunaweza kuwa alama ya pili.

Kuhusu miti, wanasaikolojia wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, waliandika mwaka 1989 kwamba umakini wa kujilazimisha huchoka, na hurudi mtu akiwa mahali panapovuta macho bila kuyatumikisha: majani, upepo, ndege. Televisheni ya sauti kubwa inaendelea kuyatumikisha. Pia kuna utafiti wa Portland, Oregon, uliochapishwa mwaka 2018. Wauguzi 29 walipumzika wiki sita katika bustani ya hospitali na wiki sita ndani. Katika wiki za bustani uchovu wa kihisia ulipungua, na ile hali ya kumwona mgonjwa kama kitu ilipungua pia. Ni kundi dogo, lakini ni wauguzi wenzenu, kwa hiyo mpelekee mganga mfawidhi.

Afisa_Rasilimali
Naongezea la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaweza kumtaka afanye kazi wakati huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Kwa hiyo usiombe kama hisani. Andika barua, na jina la mshika zamu liingie kwenye rosta.

Inchaji_Wazazi
Ahsanteni sana. Bibi, maneno yako ya mshika zamu yamenigusa. Nitaanza na hilo kabla ya benchi. Swali moja: usiku je? Tunabaki wawili, nje kuna mbu na giza.

Bibi_Mkunga_Tanga
Usiku msitoke. Itumieni ile stoo, lakini kioo cha korido kipakwe rangi, uwekwe mkeka na godoro jembamba, taa iwe hafifu. Na omba msimamizi wa zamu ya usiku awe anapita kukushikieni kwa zamu, hata nusu saa kila mmoja. Viti vya kule nje vichimbiwe chini kwa saruji, mwanangu, la sivyo asubuhi utavikuta kwa wanaosubiri wagonjwa.